Vali na Baipasi kwa Kisu Kimoja: Hesabu ya Mgonjwa wa Machakos

Kati ya mwaka 2002 na 2006, katika kila wagonjwa 1,000 wa Marekani waliobadilishiwa au kutengenezewa vali ya moyo na kuwekewa baipasi katika upasuaji huohuo, 68 walifariki kabla ya kutoka hospitalini au ndani ya siku 30. Hesabu hiyo ilitokana na wagonjwa 101,661 walioandikwa kwenye daftari la chama cha madaktari wa upasuaji wa kifua wa nchi hiyo. Ni hesabu ya miaka ya nyuma, lakini ni miongoni mwa hesabu kubwa kuwahi kufanywa kuhusu upasuaji huu wa pamoja, na daktari wa Nairobi akiiambia familia iliyotoka Machakos kwamba hatari ni "kama asilimia saba", anazungumza lugha ya takwimu za aina hii.

Tatizo ni kwamba asilimia 6.8 ni wastani wa mambo matatu yasiyofanana. Kundi la kwanza, lililokuwa kubwa kuliko yote, lilikuwa la watu 66,074 waliobadilishiwa vali ya aota, ule mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kwenda mwilini, huku wakiwekewa baipasi. Hao walifariki asilimia 5.6. Kundi la pili lilitengenezewa vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, bila kuiondoa. Vifo vilikuwa asilimia 7.4. Kundi la tatu lilibadilishiwa vali hiyo ya mitrali kabisa, na humo asilimia ikaruka hadi 11.6. Kwa hiyo anayeambiwa "saba" ana haki ya kuuliza: saba ya vali ipi? Tofauti ya kundi la kwanza na la tatu ni watu 60 katika kila 1,000.

Baipasi yenyewe si kazi ya vali. Mishipa inayoulisha msuli wa moyo huziba kwa mafuta na makovu, na daktari hachimbui palipoziba. Anafanya anachofanya dereva wa matatu ya Machakos malori yanapojipanga Mlolongo: anatafuta njia ya pembeni inayotokea mbele ya msongamano. Njia hiyo hutengenezwa kwa mshipa uliotolewa mguuni au kwa ateri iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Ateri ya kifuani ndiyo bora. Utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliotolewa mwaka 2004, ulikuta kwamba baada ya miaka 10 asilimia 85 ya ateri hizo zilikuwa bado wazi, na ya mishipa ya mguuni ni 61 tu.

Sasa tuweke kazi hizo mbili kwenye mizani. Katika daftari lilelile na miaka ileile, baipasi peke yake ilikuwa na vifo vya takriban asilimia 2.3, na kubadilisha vali ya aota peke yake asilimia 3.2. Ukijumlisha unapata 5.5, karibu sawasawa na 5.6 ya upasuaji wa pamoja. Yaani kwa vali ya aota, kufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja kuligharimu uhai kadiri ambavyo ungetarajia kwa kujumlisha tu, pasipo adhabu ya ziada ya kuchanganya.

Kwa mitrali hesabu inagoma. Kubadilisha vali hiyo peke yake kulikuwa na vifo vya asilimia 5.7, ongeza 2.3 upate 8.0, ilhali hali halisi ilikuwa 11.6. Kuitengeneza peke yake kulikuwa 1.6, ongeza 2.3 upate 3.9, ilhali hali halisi ilikuwa 7.4, karibu mara mbili. Sababu kubwa haiko kwenye uzi wala sindano. Mtu mwenye mishipa iliyoziba ambaye vali yake ya mitrali inavuja, mara nyingi vali yenyewe haina kasoro. Msuli wa moyo ndio umeumia kwa kukosa damu, ukatanuka, ukaivuta vali hadi ikashindwa kufunga. Anayefika mezani ana moyo mchovu, si mlango mbovu tu, na moyo mchovu hauvumilii sana kusimamishwa kwa saa kadhaa huku mashine ya moyo na mapafu ikifanya kazi yake.

Kwa wagonjwa hao, swali kama vali iguswe au iachwe limewahi kupimwa vizuri. Jaribio la Marekani na Kanada lenye wagonjwa 301, wote wakiwa na uvujaji wa wastani wa mitrali, liliwagawa kwa bahati nasibu: nusu baipasi peke yake, nusu baipasi pamoja na kutengenezewa vali. Baada ya miaka 2 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya kundi la kwanza na 10.0 ya kundi la pili. Tofauti ya maana hakuna. Waliotengenezewa vali walikaa muda mrefu zaidi kwenye mashine na walipata matatizo mengi zaidi ya ubongo na neva. Ni somo la gharama pia: wakati mwingine kazi ya pili huongeza bili bila kuongeza maisha.

Lakini je, mgonjwa wa Machakos yumo kwenye namba hizi? Hapa ndipo nadhani takwimu za nje hutumiwa vibaya.

Rudi kwenye daftari. Katika miaka hiyo mitano walioguswa vali bila baipasi walikuwa 109,759, na walioguswa vali pamoja na baipasi 101,661. Maana yake, karibu nusu ya wagonjwa wa vali, asilimia 48, walihitaji pia kurekebishiwa mishipa. Hao ni wazee, ambao vali ya aota imekakamaa kwa chokaa ya umri na mishipa imeziba kwa umri huohuo. Afrika, vali huharibika kwa njia nyingine na katika rika lingine. Utafiti unaojulikana kama REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi katika hospitali 25 za nchi 14, Kenya ikiwemo. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Ndani ya miaka 2 asilimia 16.9 walifariki, na umri wa kati wa kufa ulikuwa miaka 28.7.

Msichana wa miaka 28 kutoka Yatta ambaye koo lilimuuma utotoni, homa ikamtafuna vali, hana haja ya baipasi. Mishipa yake ya moyo ni mizima. Kumwekea hatari ya asilimia 6.8 ni kumtisha kwa ugonjwa wa mtu mwingine, na kumpangia bajeti ya upasuaji wa pamoja ni kumchangisha fedha asizozihitaji.

Mtu wa upasuaji wa pamoja yupo, ila ni mwingine. Tuseme ni mwalimu mstaafu wa Mwala, miaka 66, mwenye presha aliyoipuuza, kisukari kilichogunduliwa kwa kuchelewa, na pumzi inayokatika akipanda mlima Iveti. Watu wa aina yake wanaongezeka. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 23.8 ya Wakenya wenye umri wa miaka 18 hadi 69 wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha ya leo isiyopimwa ndiyo baipasi ya mwaka 2040. Kenya inabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja: vali za vijana na mishipa ya wazee. Upasuaji wa pamoja ni mahali mizigo hiyo inapokutana ndani ya kifua kimoja, na kwa sasa hao ni wachache.

Uchache huo una hatari yake. Mgonjwa akitambuliwa kuwa na vali mbovu kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hadithi yote huwa ya vali, na mishipa husahaulika. Miongozo ya madaktari wa moyo iko wazi: kabla ya upasuaji wa vali, mwanamume aliyepita miaka 40 na mwanamke aliyekoma hedhi wapigwe picha ya mishipa ya moyo, na vilevile mtu yeyote mwenye dalili au vihatarishi vya mishipa. Kipimo hicho ni fedha nyingi kwa familia ambayo bado haijakusanya hata za upasuaji, na kishawishi cha kukiruka ni kikubwa. Ni akiba ya uongo. Mishipa iliyoziba ikigunduliwa baada ya kifua kushonwa, ama moyo hupata mshtuko wakati mgonjwa bado dhaifu, ama kifua hufunguliwa tena miaka michache baadaye, na kufungua kifua chenye makovu ni kazi ngumu na hatari kuliko mara ya kwanza. Upasuaji wa pamoja una maana kwa sababu mfupa wa kifua unapasuliwa mara moja, mashine inawashwa mara moja na siku za wodi ya mahututi zinalipwa mara moja.

Kwa upande wa ukubwa wa mahitaji, kuna hesabu ya zamani, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo bado hutajwa kwenye mikutano ya madaktari: upasuaji wa moyo 1,222 kwa kila watu milioni moja Amerika Kaskazini, 569 Ulaya, na 18 Afrika. Kaunti ya Machakos ilihesabiwa watu 1,421,932 mwaka 2019. Kwa kiwango cha Afrika ni kama pasuaji 26 kwa mwaka kwa kaunti nzima. Kwa kiwango cha Ulaya zingekuwa 809, na kwa cha Amerika Kaskazini zaidi ya 1,700. Madaktari wa nchi 16 walioketi kukadiria mahitaji halisi mwaka 2018 walianzia 200 kwa milioni kwa nchi maskini ambazo hazina mzigo mkubwa wa homa ya baridi yabisi. Hata kwa kiwango hicho cha chini, Machakos inahitaji takriban 284 kila mwaka. Weka 26 kando ya 284, kisha ujiulize kama bado unaogopa asilimia 6.8 kuliko kitu kingine chochote.

Maana kutofanyiwa nako kuna asilimia yake. Katika jaribio la mwaka 2010 la wazee wenye vali ya aota iliyobana vibaya, ambao madaktari waliwaona hawawezi kuhimili upasuaji, waliopewa matibabu ya kawaida bila kubadilishiwa vali walifariki asilimia 50.7 ndani ya mwaka mmoja. Walikuwa wazee sana, wa miaka themanini na kitu, kwa hiyo sitaibandika namba hiyo kwa mwalimu wetu wa Mwala. Lakini mwelekeo wake haubadiliki: vali ya aota iliyobana ikishaanza kumkata mtu pumzi au kumzimisha, haisubiri harambee ya mwaka kesho.

Na harambee ndiyo njia. Upasuaji wa moyo wazi humtoa mgonjwa wa Machakos nje ya kaunti: Hospitali ya Machakos Level 5 inampeleka kwa rufaa, na Nairobi, kama kilomita 65, ndiko kuliko na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Mater, Aga Khan, Karen na nyinginezo. Wengine husafiri hadi Tenwek, hospitali ya misheni iliyoko Bomet, ambayo imejijengea jina kwa vali za vijana wenye homa ya baridi yabisi. Wenye uwezo au wadhamini huenda India. Bili ya hospitali binafsi huvuka shilingi milioni 1 bila shida, na ya kazi mbili hupanda zaidi: saa nyingi mezani, damu nyingi zaidi, siku zaidi kwenye mashine ya kupumulia. Vali, mirija na pafu bandia la mashine hununuliwa nje kwa dola, na pafu hilo hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa.

Nitatumia milioni 1 kama kipimo, si kama bei. NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, ilikuwa ikichangia hadi shilingi 500,000 kwa upasuaji wa aina hii. Nusu nyingine ilikuwa ya ng'ombe, shamba na kundi la WhatsApp. Tangu Oktoba 1, 2024 kazi hiyo iko chini ya SHA, mamlaka iliyochukua nafasi ya NHIF, na mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Anayelipa kiwango cha chini hutoa 3,600 kwa mwaka. Angelipa peke yake, milioni 1 ingemchukua miaka 278. Mwenye mshahara wa 50,000 hutoa 1,375 kwa mwezi, 16,500 kwa mwaka. Yeye ni miaka 61. Geuza hesabu: kaya 278 zinazolipa kiwango cha chini kwa mwaka mmoja zinamlipia mgonjwa mmoja. Machakos ina kaya zaidi kidogo ya 400,000. Zote zikilipa 300 kila mwezi, ni shilingi bilioni 1.44 kwa mwaka, na pasuaji 284 za milioni 1 zingekula milioni 284, karibu asilimia 20 ya chungu chote. Asilimia ishirini kwa watu 284, huku akina mama wanaojifungua, figo, saratani na ajali za bodaboda nazo zikisubiri. Wanaosema SHA "ilipe tu yote" hawajafanya hesabu hii. Wanaosema upasuaji wa moyo ni anasa isiyowezekana nao hawajaifanya. Inawezekana, ikiwa kaya nyingi zinalipa, na kwa kujua kwamba kila shilingi ya hapa imetoka kwa mgonjwa mwingine.

Bili ya kutoka hospitalini si ya mwisho. Vali ya chuma hudumu, lakini inamfunga mwenye nayo na dawa ya wafarini maisha yake yote. Vali iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe au nguruwe haimfungi hivyo, ila kwa kawaida huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15. Kwa mtu wa miaka 66 ya tishu ni chaguo la busara: huenda vali na mwenyewe vikachoka pamoja. Kwa kijana ni deni la upasuaji wa pili. Wafarini si ghali. Ghali ni kuipima. Damu ikiwa nzito mno, vali huganda na kiharusi hufuata. Ikiwa nyepesi mno, mtu hutokwa damu ndani. Kipimo hicho cha damu, kiitwacho INR, kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3 kwa vali ya aota, juu kidogo kwa mitrali. Katika REMEDY, kati ya waliokuwa wakitumia dawa hizo, ni asilimia 28.3 tu waliokutwa ndani ya kiwango.

Kipimo kila wiki nne ni safari 13 kwa mwaka. Zikiwa za Nairobi, ni kama kilomita 1,700 kwenda na kurudi, kabla hujahesabu nauli ya msindikizaji, na anayetokea Masinga ana kilomita nyingi zaidi. Zikifanyika Machakos mjini, au bora zaidi katika vituo vya afya vya kaunti ndogo, gharama hiyo karibu inayeyuka. Kama ningepewa fedha za kaunti za kutumia kwa wagonjwa wa vali, ningezitia hapa kwanza: mashine ndogo za INR, muuguzi anayejua kurekebisha dozi, na mtu wa kumweleza mgonjwa kwamba sukuma wiki na kunde haziharamishwi, bali ale kiasi kilekile kila wiki. Si kazi ya kupigiwa picha magazetini. Inaokoa vali zilizokwisha kulipiwa.

Kuna habari moja mpya inayoweza kubadilisha mazungumzo. Mwaka 2024 majibu ya jaribio la TCW yalitolewa: wagonjwa 172 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wenye vali ya aota iliyobana na mishipa iliyoziba. Wengine walifanyiwa upasuaji wa pamoja, wengine walipandikiziwa vali kupitia mshipa wa pajani na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuufungua mshipa ulioziba, bila kupasuliwa kifua. Baada ya mwaka mmoja asilimia 10 ya waliopasuliwa walikuwa wamefariki. Kwa wasiopasuliwa, sifuri. Ukijumuisha matatizo yote makubwa yaliyohesabiwa, ilikuwa 23 dhidi ya 4. Matokeo mazuri, lakini jaribio lilikuwa dogo na lilisimamishwa mapema, hali ambayo aghalabu hukuza tofauti, na halimhusu kijana wa homa ya baridi yabisi. Isitoshe, vali hiyo moja huuzwa Marekani kwa takriban dola 30,000. Kwa shilingi 129 kwa dola ni milioni 3.87, vali pekee, kabla ya daktari kuvaa glavu. Kwa Machakos ya leo hiyo bado ni habari ya kusoma tu.

Limebaki swali la hospitali ipi. Ulaya na Marekani hulijibu kwa namba zilizochapishwa. Kwetu familia nyingi hulijibu kwa sifa za jirani aliyepona. Hospitali ikikuambia imefanya upasuaji wa pamoja mara 20 na hakuna aliyefariki, ifurahie, lakini ujue kwamba kihesabu sifuri kati ya 20 haiwezi kuondoa uwezekano kwamba hatari yake ya kweli inakaribia asilimia 14. Ikisema sifuri kati ya 200, hilo ni jambo jingine. Ndiyo maana idadi ya kazi zilizofanywa ina uzito kuliko asilimia iliyotangazwa, na ndiyo maana hospitali zetu zinazopasua moyo zinapaswa kuchapisha zote mbili, kila mwaka, kwa kila aina ya upasuaji.

Hadi siku hiyo, ukimsindikiza mzee wako kwa daktari wa moyo, uliza hapohapo bila haya: vali ni ipi, mishipa imepigwa picha, itatengenezwa au itabadilishwa, mmefanya kazi hii mara ngapi mwaka uliopita, na INR itapimwa wapi. Na mchango wa SHA uwe umelipwa kabla pumzi haijaanza kukatika.